Iota ya Jabari imeliwa nusu na mshono wa mozaiki (vipande 4, GradientMergeMosaic)

Menengai_Usiku · Nakuru

Wazee wa anga, hamjambo. Naunga mozaiki (picha kubwa ya vipande vilivyoshonwa) ya kundi la nyota la Jabari (Orion), kuanzia Ukandani hadi chini ya M42 (Nebula ya Jabari), na nyota za mshononi zinanishinda. Naweka vipimo vyote hapa ili msianze kwa kuniuliza.

Refrakta (darubini ya lenzi) ya mm 80, urefu wa fokasi mm 400, na flatena yake (lenzi ya kusawazisha pembe za picha). Kamera ya rangi, sensa ya APS-C yenye pikseli 6248 × 4176, kila moja maikromita 3.76. Inatoka arksekunde 1.94 kwa pikseli, yaani kipande kimoja ni nyuzi 3.37 kwa 2.25. Upande mrefu umelala kaskazini-kusini. Vipande viwili kwa viwili, vinapandana asilimia 20, katikati ya mozaiki ni RA 5h 36m 12s, Dec −3° 06′ (viwianishi vya anga). Kila kipande kina fremu 40 za sekunde 120, usiku mmoja kipande kimoja.

Kazi nimeifanya kwenye PixInsight, programu ya kuchakata picha za anga, na imekwenda hivi: kustaki (kujumlisha fremu kuwa picha moja), kukata pikseli 40 kila ukingo, DBE (kutoa mwanga wa usuli), ImageSolver (kutafuta viwianishi), MosaicByCoordinates (kuweka vipande kwenye turubai moja), kisha GradientMergeMosaic (kushona) ikiwa kwenye Overlay. Vipande vya mashariki viko juu. Data bado haijanyooshwa, yaani mwangaza haujakuzwa.

Dosari ni tatu.

a) Iota ya Jabari, ile nyota kubwa chini ya M42, imeliwa nusu. Kutoka kwake unatoka mchirizi mweupe kuelekea magharibi, kama pikseli 300, na upande wa pili kuna kivuli cheusi. Moyo wa M42 nao una kivuli kama hicho, ila hafifu.

b) Nyota ndogo kandokando ya mshono wa wima zimebanwa kiunoni, nyingine zinaonekana mbili mbili.

c) Halo (duara la mwanga) ya Alnilam, nyota ya katikati ya Ukanda, imekatwa upande wa magharibi kwa mstari ulionyooka kama rula. Nusu kipenyo cha halo hiyo ni kama pikseli 450.

Nilipandisha Feather radius (upana wa kuchanganya mshono) hadi 60. Mchirizi wa iota ulizidi kuwa mpana. Je, nirudi kupiga upya au kuna dawa?

---

Dunga_Anga · Kisumu

Mkuu, kabla ya dawa tujue mshono unapita wapi. Weka alama kwenye Generate mask, uunge tena, utapata picha ya pili inayoonyesha kila kipande kimetawala eneo gani. Lakini kwa vipimo ulivyotoa hata kalamu inatosha.

Turubai yako, ukishatoa zile 40 za kila ukingo, ni kama pikseli 7437 kwa 11166, kaskazini juu na mashariki kushoto. Kipande cha mashariki kinaishia x = 4096. Iota inaangukia karibu na x = 4075, y = 10800. Yaani kitovu chake kiko pikseli 21 tu ndani ya ukingo, na mwanga wake umemwagika pande zote mbili za mshono. Trapezi, kikundi cha nyota moyoni mwa M42, iko x = 4149, pikseli 53 ng'ambo ya pili. Umepitisha kisu katikati ya nyama.

Kwa nini mchirizi? GradientMergeMosaic haichanganyi mwangaza wenyewe. Inachukua tofauti kati ya pikseli na jirani yake, inazishona tofauti hizo, halafu inajenga picha upya kutokana nazo. Kwenye usuli (anga tupu nyuma ya nyota) uliotulia njia hii ni tamu, maana mwanga wa mji uliopishana kati ya usiku mmoja na mwingine unamezwa wote. Kwenye nyota ni balaa. Tuseme nyota inapanda mpaka 0.80 katika kipande cha mashariki, mshono unapita hapo kileleni, na kushuka kwake kunachukuliwa kutoka kipande cha magharibi ambako usiku ule ilifika 0.65 tu. Umepanda ngazi 80, umeshuka 65. Ile 0.15 iliyobaki ni deni lisilo na mwenyewe, na programu inalimwaga kwa majirani. Usuli wako ukiwa 0.002, deni hilo ni mara 75 ya usuli. Mchirizi wako ndio huo.

Feather haikusaidia kwa sababu hiyo hiyo. Ulipanua ukanda wa kuchanganya huku nyota ikiwa bado ndani yake, kwa hiyo deni lilitandazwa tu kwenye eneo kubwa zaidi.

Dawa ni kuuhamisha mshono utoke kwenye nyota, na nafasi unayo. Vipande vinapandana kuanzia x = 3341 hadi 4096. Chukua kipande cha kusini-mashariki baada ya MosaicByCoordinates, ufungue PixelMath (hesabu za pikseli; $T ni picha yenyewe), uandike:

`iif(x() > 3796, 0, $T)`

Hiyo inafuta pikseli 300 za ukingo wake wa kulia. GradientMergeMosaic inahesabu sufuri kuwa hakuna data, kwa hiyo hapo inachukua kipande cha magharibi. Sasa mshono uko pikseli 279 kutoka iota na 353 kutoka Trapezi. Nyota zote mbili zinatoka kwenye kipande kimoja, kupanda na kushuka. Kata kipande hicho kimoja tu. Cha kaskazini-mashariki kiache kilivyo, kina kesi yake. Hakuna sheria inayosema mshono lazima uwe mstari mmoja kutoka juu hadi chini.

Kabla ya kukubali 3796, nyoosha picha kwa muda kwa STF (kunyoosha kwa kuonyesha tu, data haiguswi) upite na jicho kwenye mstari huo. Ukiona nyota kubwa imekaa juu yake, sogea 40 au 50 kushoto.

Kwa nyota za wastani zilizobaki mshononi, usihamishe mshono mzima, chimba shimo. Mfano nyota iliyo x = 2210, y = 6150, ambayo iko juu ya mshono wa mlalo (kipande cha kaskazini kinaishia y = 6168). Kwenye kipande cha juu weka:

`iif(sqrt((x()-2210)^2 + (y()-6150)^2) < 60, 0, $T)`

Shimo lizidi mwanga wa nyota. Kipimo chake: nyoosha mpaka usuli uonekane kijivu, pima nusu kipenyo mpaka pale mwanga unapokwisha kabisa, ongeza 15. Ukichimba shimo dogo linalokatiza mwanga wa pembeni, utapata pete badala ya mchirizi. Hakikisha pia kipande cha chini kina data eneo lote la shimo, la sivyo utapata tundu jeusi.

Kisha Shrink radius (kupunguza ukingo wa data) 5, Feather radius 20. Hazihitaji kuwa kubwa mshono ukishapita mahali penye amani.

---

Shinyalu_Lenzi · Kakamega

Mimi nishike hiyo (b), maana "zimebanwa" na "mbili mbili" ni magonjwa mawili. Kuza picha asilimia 400 uangalie nyota kumi za mshononi moja moja.

Ukiona nukta mbili kando kwa kando, vipande havijalandana. Sababu ya kawaida ni kwamba lenzi au flatena inapinda picha pembeni, na suluhisho la viwianishi limechukua picha kama karatasi bapa. Kwenye ImageSolver washa urekebishaji wa upindaji, rudia vipande vyote vinne, sio kile kimoja unachokishuku. Halafu jaribu hivi: chukua vipande viwili baada ya MosaicByCoordinates, uviweke kwenye Blink (inaonyesha picha kwa kupokezana) na upige macho eneo la kupandana. Nyota zikiruka hata nusu pikseli, zitaonekana. Angalia pembe za kupandana kwanza, kwa sababu katikati inaweza kutulia huku pembeni kumepotoka pikseli mbili.

Ukiona nukta moja iliyobanwa kiunoni kama maharagwe, kulandana ni sawa lakini unene wa nyota hauko sawa pande mbili. Hapo kosa ni lile la usiku mmoja kipande kimoja. Usiku wa kwanza anga ilitulia, nyota zina FWHM (upana wa nyota kwenye nusu ya mwangaza wake) ya pikseli 2.1, usiku wa tatu kulikuwa na upepo au umande, zina 3.0. Mshono ukipita kwenye nyota hiyo, nusu nyembamba inakutana na nusu nene. Njia ya kwanza ni kurudi kwenye staki ya kipande kinene na kuzitupa fremu mbovu. Kwenye fremu 40, kutupa 10 zenye FWHM kubwa mara nyingi kunashusha unene wa kutosha. Ya pili ni kulainisha chembamba kidogo. Hesabu: mzizi wa 3.0² toa 2.1² ni 2.14, gawa kwa 2.355 unapata sigma 0.91. Weka Convolution ya Gaussian kwa sigma hiyo, lakini kwa maski ya ukanda wa pikseli 150 hivi ndani ya ukingo, iliyofifishwa. Kulainisha kipande kizima ni kuharibu usiku wako mzuri kwa ajili ya mshono mmoja.

Ukiona pete nyeusi nyembamba kuzunguka nyota, hiyo ni Lanczos (njia ya kukadiria pikseli). Inatokea pale picha inapohamishiwa kwenye turubai na nyota ni kali mno kwa ukubwa wa pikseli. Shusha Clamping threshold, mfano kutoka 0.3 hadi 0.1, urudie MosaicByCoordinates. Lanczos hiyo hiyo inaacha ukingo wa kipande ukiwa na pikseli chache za uongo, nusu data nusu sufuri. TrimMosaicTile inazikata, pikseli 5 hadi 10 zinatosha. Usiiruke hatua hiyo ukidhani zile 40 za mwanzo zimemaliza kazi. Zile zilikata kingo mbovu za staki, hizi zimezaliwa baadaye.

La mwisho. Mshono siku zote unatumia kingo za uwanja, yaani mahali ambapo darubini yako ni dhaifu kuliko kote. Nyota zako za pembeni zikiwa na mikia inayotazama nje au zikizunguka kama upinde, umbali wa flatena hadi sensa hauko sawa. Flatena nyingi zinataka mm 55. Cheza na washa (pete za kuongeza nafasi) nyembamba za mm 0.2 hadi 0.5, moja moja, uangalie pembe nne. Ukitumia BlurXTerminator (zana ya kunoa nyota), weka Correct Only kwenye kila kipande kabla ya kuunga. Ukisubiri mpaka baada ya kuunga, inakutana na nyota zilizokwisha kushonwa vibaya na inazichonga kama ilivyozikuta.

---

Nyota_Tupu · Bungoma

Kwa nini kujisumbua na mashimo? Ondoa nyota kwenye kila kipande kwa StarNet2 au StarXTerminator, unga nebula tupu, kisha rudisha nyota. Deni la nyota halipo kwa sababu nyota hazipo.

---

Dunga_Anga · Kisumu

Ndugu Nyota_Tupu, inafanya kazi kwa nyota ndogo, kwa hizi kubwa hapana. Programu hizo hazitambui vizuri nyota iliyokatwa na ukingo wa picha. Nusu yake inabaki kwenye nebula kama doa. Nyota ya iota na Alnilam zinaacha halo nzima nyuma, na halo ndiyo tunayogombana nayo hapa. Halafu nyota zenyewe bado zinahitaji kuungwa. Ukitumia max() kwenye eneo la kupandana, kila kosa la kulandana la nusu pikseli linanenepesha nyota, na chenga (kelele za pikseli) za vipande vyote viwili zinachaguliwa upande wa juu, usuli unainuka kwenye ukanda huo. Utaona mstari uliopauka.

Ukiamua kwenda njia hiyo, fanya ikiwa bado haijanyooshwa: nyota ni picha asili toa nebula, na mwisho unajumlisha tu. Kata pikseli 20 zaidi za kingo baada ya kuondoa nyota. Na tabaka la nyota liunge kwa mstari mmoja wa iif(), upande huu kipande hiki, upande ule kile, usitumie max().

---

Uasin_Gishu_Anga · Eldoret

Naona wote mmeiruka (c), na ndiyo pekee isiyo na dawa kwenye data uliyo nayo.

Alnilam iko RA 5h 36m 13s. Mozaiki yako ina kitovu RA 5h 36m 12s. Maana yake umeiweka katikati kabisa ya ukanda wa kupandana: x = 3713, na ukanda unatoka 3341 hadi 4096. Kutoka nyota hadi ukingo wa kushoto ni 372, wa kulia 383. Halo yako ni 450. Popote utakapopitisha mshono ndani ya ukanda huo, utakatiza halo. Na halo haiwi sawa katika vipande viwili, kwa sababu ni mwanga uliogonga sensa, ukarudi, ukagonga kioo na kushuka tena. Nyota ikiwa kulia mwa uwanja halo inasogea upande mmoja, ikiwa kushoto inasogea mwingine. Duara mbili zisizo na kitovu kimoja haziungiki.

Ukitaka kujua kioo gani, hesabu ni rahisi. Kipenyo cha halo kwenye sensa ni mara mbili ya umbali wa kioo, gawa kwa namba ya f (urefu wa fokasi gawa kwa kipenyo cha lenzi). Pikseli 900 mara 0.00376 ni mm 3.4. Darubini yako ni f/5, kwa hiyo kioo kiko mm 8.5 mbele ya sensa. Huo ni umbali wa kioo cha kinga cha kamera yenyewe kuliko wa filta. Kwa hiyo usikimbilie kununua filta mpya, halo itabaki pale pale.

Dawa ni kiraka: kipande cha tano, Alnilam ikiwa katikati ya uwanja, ambako halo inazunguka nyota sawasawa. Kikate duara baada ya kukiweka kwenye turubai ile ile:

`iif(sqrt((x()-3713)^2 + (y()-2058)^2) > 700, 0, $T)`

Kiweke juu ya vingine vyote. Nusu kipenyo cha 700 kinaizidi halo kwa 250, na Mintaka na Alnitak, nyota nyingine mbili za Ukanda, ziko mbali, zaidi ya pikseli 2400 kila moja. Piga fremu 40 kama kwingine. Ukipiga 20, chenga za kiraka zitakuwa mara 1.4 ya jirani zake na jicho litaliona duara hata kama rangi imelingana.

Kama unaona heri uanze upya, usibadilishe kitu kingine chochote ila kitovu. Kisogeze nusu nyuzi mashariki, RA 5h 38m 18s, Dec ile ile. Vipande vya mashariki vikikaa juu, mshono wa wima unapita pikseli kama 590 kutoka Alnilam, 590 hivi kutoka Sigma ya Jabari, karibu 1000 kutoka Trapezi, na zaidi ya 1500 kutoka Alnitak. Mintaka inabaki kama pikseli 790 kutoka ukingo wa magharibi. Yaani nyota zote za kutisha zinakaa ndani ya kipande kimoja kimoja, na hukutumia hata shilingi. Kupanga mozaiki kwa kuangalia nebula peke yake ndiko kunakoleta haya yote. Panga kwa nyota angavu kwanza, nebula itajipanga.

Na usipige kipande kimoja kwa usiku. Zunguka: fremu 10 kipande cha kwanza, 10 cha pili, mpaka cha nne, usiku unaofuata anza na kingine. Kila kipande kinapata sehemu yake ya anga nzuri na mbaya, na unene wa nyota unakaribiana wenyewe. Januari na Februari mvua zimepoa, kuna usiku wa kutosha kufanya hivyo.

Mambo mawili ya huku kwetu. Nakuru iko 0° 18′ kusini ya ikweta, na Mintaka ina Dec ya −0° 18′ hivi. Inapita utosini kabisa. Maunti (mtambo unaobeba darubini) itapinduka katikati ya kazi, na kamera itageuka nyuzi 180. Ukiwa na sensa iliyoinama kidogo, upande mnene wa nyota unahamia ng'ambo. Kwa hiyo angalia vipande vyote vimepata fremu za kabla na baada ya kupinduka kwa kiasi kinacholingana, sio viwili kabla na viwili baada.

Pili, kulinganisha mhimili. Ncha zote mbili za anga zimelala kwenye upeo wa macho, zimezama katika vumbi na miti, kwa hiyo kioo cha kutafutia ncha hakina kazi hapa. Tumia Three Point Polar Alignment ya N.I.N.A. (programu ya kuendesha kamera na darubini), ambayo haihitaji kuiona ncha. Mhimili ukiwa umepotoka, uwanja unazunguka taratibu, kingo za staki zinakuwa kama feni, na vipande vinapandana kwa pembetatu badala ya ukanda. Asilimia 20 yako inaweza kuwa 12 upande mmoja bila wewe kujua.

---

Menengai_Usiku · Nakuru

Shukrani, mabwana. Nimeweka `x() > 3796` kwenye kipande cha kusini-mashariki: iota ni nzima, mchirizi umekwisha, na kivuli cha M42 kimeondoka. Za mbili mbili zilikuwa upindaji kweli, kwenye Blink zilikuwa zinaruka pembeni. Zilizobanwa zimebaki chache, nitatupa fremu. Kiraka cha Alnilam nitakipiga mwezi ukipungua.

Limezuka jipya. Kwenye eneo la giza mashariki mwa Upanga, kuna vidoa vyeusi vingi kama pilipili manga iliyosagwa, vingine na kiduara cheupe. Havikuwepo kwenye kipande chenyewe.

---

Shinyalu_Lenzi · Kakamega

Hizo ni sufuri za DBE. Umetoa usuli mwingi mno, pikseli za giza zimefika 0, na GradientMergeMosaic inazichukulia kama mahali pasipo data. Inachimba shimo kila pikseli moja, halafu Shrink radius ya 5 inapanua kila shimo kwa pikseli 5.

Rudi kwenye kipande kabla ya DBE, uifanye tena kwa kutoa kidogo, na washa Normalize ili usuli usishuke. Au ongeza kiinuo kwa PixelMath mara tu baada ya DBE: `$T + 0.005`, ukiondoa alama kwenye Rescale. Angalia mpangilio: kiinuo kinawekwa kabla ya MosaicByCoordinates. Ukikiweka baada yake, sehemu tupu ya turubai nayo inapata 0.005, inaonekana kama data, na mozaiki yote inageuka uji. Thibitisha kwa Statistics: thamani ndogo kabisa ya kila kipande iwe juu ya sufuri katika rangi zote tatu.

Na upunguze pointi za DBE. Kwenye Jabari vumbi limetanda karibu kote, ukiweka pointi juu ya vumbi unafuta nebula kwenye kipande kimoja na kuiacha kwenye kingine, halafu unalaumu mshono. Pointi 8 hadi 12 kwa kipande zinatosha kuondoa mwanga wa mji.

---

Kibos_Linux · Kisumu

Kwa wanaosoma na hawana leseni ya PixInsight: Siril 1.4 inaunga mozaiki bure, na njia yake ni tofauti. Usistaki vipande kwanza. Weka fremu zote 160 zilizosafishwa kwa daki na flati (fremu za kusahihisha sensa na lenzi) kwenye mfululizo mmoja, halafu:

`seqplatesolve jabari`
`seqapplyreg jabari -framing=max`
`stack r_jabari rej 3 3 -norm=addscale -overlap_norm -maximize -feather=200`

Hapa hakuna kujenga upya kutokana na tofauti za pikseli. Ni wastani, na kila fremu inafifia kwenye kingo zake kwa pikseli 200. Nyota iliyo mshononi haitoi mchirizi. Ikiwa nyembamba upande mmoja na nene upande wa pili, inatoka na unene wa katikati. Kukataa fremu mbovu kunafanya kazi kwa sababu kila pikseli ina angalau fremu 40, sio staki mbili zinazobishana.

Bei yake ni mbili. Diski: fremu moja ya rangi kwa biti 32 ni kama MB 313, kwa 160 ni GB 50, na hiyo ni nakala moja ya mfululizo. Pili, mwanga wa mji hauondolewi na kuunga. Siril inalinganisha vipande kwa kiwango kimoja kila fremu, haigusi mteremko ndani yake. Toa mteremko kwa `seqsubsky` daraja la 1 kabla ya kulandanisha, daraja la juu zaidi litakula nebula.

Feather isizidi nusu ya kupandana. Kwako upande wa wima una pikseli 755, kwa hiyo usipite 370. Halo ya Alnilam hapa haitakatwa kwa rula, lakini zitaonekana duara mbili hafifu zilizopishana. Kiraka cha Eldoret bado unakihitaji, na Siril haitajua kukipa kipaumbele: kiunge mwishoni, kwa maski, kikiwa juu.